Nyanya ni tunda, dagaa ni mboga? Jibu lina maana kubwa kwenye sahani yako

Ingia kwa mama lishe yeyote pale Katoro, Kakola au Kahama mjini, uagize ugali. Swali linalofuata unalijua: "Mboga gani?" Majibu unayajua pia. Dagaa, maharage, nyama, sangara, kisamvu. Hakuna anayeshangaa kusikia dagaa kwenye orodha ya mboga.

Sasa hamia kliniki ya wajawazito. Nesi anasema: "Mama, hakikisha unakula mboga na matunda kila siku." Mama anaitikia kwa moyo mweupe, maana mboga anakula kila siku. Juzi sangara, jana dagaa, leo maharage.

Wote wanaongea Kiswahili na hakuna aliyekosea neno, lakini hawajaelewana. Na anayeweza kuumia kwa kutoelewana huko ni mama na mtoto aliye tumboni.

Ndiyo maana lile swali linaloibuka kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp, eti nyanya ni tunda au mboga, si la kupotezea muda tu. Jibu lake linategemea nani anauliza: mtaalamu wa mimea, mpishi, mtoza ushuru au mtu wa lishe. Kila mmoja ana kipimo chake. Tuvipitie kimoja kimoja.

Kipimo cha kwanza: ua

Kwa mtaalamu wa mimea, mambo ni mepesi. Tunda ni sehemu ya mmea inayotokana na ua baada ya kuchavushwa. Ndani ya ua kuna kifuko kinachoitwa ovari. Ua likishachavushwa, petali hunyauka na kudondoka, ovari inavimba, na mbegu zinakomaa ndani yake. Hilo ndilo tunda. Liwe tamu, chungu au lisilolika kabisa, bado ni tunda.

Kwa kipimo hiki nyanya ni tunda. Nyanya chungu, bamia, biringanya, tango, pilipili hoho na boga ni matunda pia. Kata yoyote kati ya hizo katikati, utaona mbegu zimejipanga ndani.

Na mboga je? Hapa ndipo wengi wanashangaa: kwa mtaalamu wa mimea, "mboga" si sehemu ya mmea. Yeye ana mizizi, mashina, majani, maua, matunda na mbegu. Karoti ni mzizi. Mchicha, matembele, kisamvu, chainizi na kabichi ni majani. Koliflawa ni ua ambalo halijachanua. Sisi ndio tumevikusanya vyote na kuviita mboga kwa sababu vinakutana kwenye sufuria moja.

Shinyanga imejaa matunda usiyoyajua

Ukishika kipimo cha ua, shamba lolote la Kanda ya Ziwa linaanza kuonekana tofauti.

Chukua karanga. Kwa kuwa tunazing'oa ardhini, wengi wanadhani ni mizizi kama viazi. Lakini karanga huchanua maua ya njano juu ya ardhi. Ua likishachavushwa, kikonyo chake kinarefuka, kinainama na kujichimbia udongoni, na huko ndiko ganda linakomaa. Lile ganda zima ni tunda. Unachotafuna wewe ni mbegu.

Chukua pamba, zao lililosomesha watoto wengi wa Shinyanga na Simiyu. Ua likidondoka, kinabaki kitumba. Kitumba kikikauka kinapasuka na pamba nyeupe inatoka. Kitumba hicho ni tunda, na nyuzi tunazosokota zimeota juu ya mbegu zake.

Hata punje ya mpunga wa Kahama na punje ya hindi ni matunda, kila moja peke yake. Ni matunda makavu yenye mbegu moja, na ngozi ya tunda imegandana na mbegu kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha kwa mkono.

Nanasi la Geita nalo lina siri yake. Si tunda moja. Kila jicho unaloliona kwenye ganda lilikuwa ua, na maua hayo mengi yaliungana yakawa kitu kimoja.

Ndizi? Ni tunda, hata zile za kupika. Mbegu zimepotea kwa sababu wakulima kwa vizazi vingi walichagua na kupanda aina zisizo na mbegu. Vile vidoti vyeusi vya katikati ndiyo mabaki yake.

Na kuna mimea inayokaa pande zote mbili. Mboga ya maboga ni majani. Boga lenyewe ni tunda. Mbegu zake unakaanga na kutafuna. Mmea mmoja, vyakula vitatu. Muhogo nao unatoa mzizi wa kusaga unga na majani ya kisamvu.

Kipimo cha pili: jikoni

Mpishi hajali ua. Anajali ladha na wakati wa kula. Kitu kitamu kinacholiwa kibichi, peke yake, anakiita tunda: embe, papai, chungwa, tikiti. Kitu kinachopikwa kwa chumvi na kuliwa na chakula anakiita mboga. Nyanya kwake mara nyingi ni kiungo tu, inasindikiza kitunguu kwenye mafuta.

Kipimo hiki kinabadilika kutoka mahali hadi mahali. Parachichi kwetu ni tunda, wengine wanalikata na kulila na wali na maharage. Fenesi na embe tunakula mbivu na tamu, lakini sehemu nyingi za Asia Kusini yakiwa mabichi hupikwa mchuzi.

Kiswahili chetu cha bara kimekwenda mbali zaidi. Mboga kwetu ni chochote kinachoteremsha ugali. Pwani wana neno kitoweo kwa samaki na nyama, na neno hilo tunalijua, lakini mtaani Shinyanga na Geita swali ni lile lile: "Leo mboga nini?" Mtu akitaka kusema majani hasa, inabidi aongeze maneno: mboga za majani, au mbogamboga.

Hata majina yanachanganya. Ukisema "furu" mwaloni, watu wanafikiria samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Ukisema "furu" kijijini, wengine wanafikiria tunda jeusi la porini.

Kipimo cha tatu: sheria

Usidhani mabishano haya ni ya vijiweni tu. Yaliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Sheria ya ushuru ya nchi hiyo ya mwaka 1883 iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa mboga kutoka nje, huku matunda mabichi yakiingia bure. Mfanyabiashara John Nix wa New York aliingiza nyanya, akatozwa ushuru wa mboga. Akamshtaki mtoza ushuru wa bandari, Edward Hedden, akidai arudishiwe pesa zake. Hoja yake ilikuwa ile ya ua: nyanya ni tunda.

Hukumu ilitoka tarehe 10 Mei 1893. Majaji walikubali kwamba kwa sayansi ya mimea nyanya ni tunda. Ila wakasema sheria inatumia maneno kama watu wa kawaida wanavyoyatumia, na watu wa kawaida huzila nyanya pamoja na chakula kikuu, si baada ya chakula kama matunda. Nix akashindwa.

Umoja wa Ulaya nao ulikwenda njia ya kinyume. Sheria yake ya mwaka 2001 kuhusu jamu inazihesabu nyanya, karoti, viazi vitamu, matango na maboga kuwa matunda, ili bidhaa inayotengenezwa kwa vitu hivyo iweze kuuzwa kwa jina la jamu. Yaani mzizi umegeuzwa tunda kwa kalamu.

Sasa fikiria kesi ya Nix ingesikilizwa Kahama kwa hoja ile ile ya "watu wa kawaida wanaitaje". Dagaa nao wangelipiwa ushuru wa mboga!

Kipimo kinachokuhusu zaidi: lishe

Mtu wa lishe haangalii ua wala hasikilizi jina. Anauliza chakula hiki kinaupa mwili nini.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, ambayo ni kama sehemu tano. Halafu linaweka angalizo ambalo watu wengi hawalisikii: viazi mviringo, viazi vitamu, mihogo na mizizi mingine yenye wanga havihesabiwi. Kwa hiyo michembe na matobolwa, pamoja na utamu wake wote, havimo kwenye hizo gramu 400. Vinakaa upande wa ugali.

Miongozo ya lishe ya Tanzania inafuata mantiki hiyo hiyo. Nafaka, mizizi na ndizi za kupika ziko kundi moja. Maharage, kunde na karanga zina kundi lao. Nyama, samaki, mayai na maziwa vina kundi lao. Mboga ni kundi, na matunda ni kundi jingine.

Ukirudi sasa kwa yule mama wa kliniki, unaona tatizo lilipo. Sangara na dagaa ni kundi la vyakula vinavyotokana na wanyama. Maharage ni jamii ya kunde. Kwa siku tatu amekula "mboga" tatu, na kwenye hesabu ya nesi kundi la mboga bado liko sifuri.

Hii haina maana kwamba dagaa ni wabaya. Dagaa wana protini nzuri, na kwa kuwa tunawala wazima na mifupa yao, wanatupa madini ya chokaa kwa wingi. Waache wabaki kwenye sahani. Shida ni pale wanapochukua nafasi ya majani wakati kazi zao ni tofauti.

Kwa nini mboga na matunda vinatajwa vyote viwili?

Kama vyote ni mimea, kwa nini nesi asiseme kimoja tu? Kwa sababu vinasaidiana.

Majani ya kijani kibichi kama mchicha, matembele, kisamvu na majani ya kunde yana madini ya chuma na folati. Folati inahitajika sana mwanzoni mwa ujauzito, wakati ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unatengenezwa. Chuma kinahitajika kutengeneza damu.

Tatizo ni kwamba chuma cha kwenye majani hakifyonzwi na mwili kirahisi kama chuma cha nyama. Vitamini C inasaidia kukifungua. Vitamini hiyo iko kwa wingi kwenye matunda yanayoliwa mabichi: chungwa, pera, papai, embe. Iko pia kwenye ubuyu. Na vitamini C huharibika kwa moto, ndiyo maana mboga iliyochemshwa kwa muda mrefu haiwezi kufanya kazi ya tunda bichi.

Kwa hiyo ukila ugali na mchicha, kisha ukamalizia na kipande cha papai au ukakamulia ndimu kwenye mchicha, mwili unapata chuma zaidi kutoka kwenye mchicha ule ule. Ukimalizia na chai ya rangi, mambo yanageuka: chai inazuia chuma kufyonzwa. Chai isubiri angalau saa moja.

Vitamini A nayo ina kanuni yake. Mwili huitengeneza kutokana na majani ya kijani na vyakula vya rangi ya njano au chungwa kama embe, papai, boga, karoti na viazi lishe. Inahitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Mtoto akiikosa, macho huanza kushindwa kuona kwenye mwanga hafifu na mwili hushindwa kupambana na maradhi. Ndiyo sababu watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Matone yanasaidia, ila sahani ya nyumbani ndiyo ya kila siku.

Nini kinahesabika, nini hakihesabiki

Shika orodha hii fupi, hasa kama unamlisha mjamzito au mtoto.

Vinahesabika upande wa mboga: majani yote ya kijani, kabichi, karoti, bamia, nyanya chungu, biringanya, hoho, tango, boga, na nyanya ikiwa umekula ya kutosha, mfano kwenye kachumbari. Nyanya moja iliyoyeyuka kwenye sufuria ya watu sita ni kiungo tu.

Vinahesabika upande wa matunda: embe, papai, nanasi, chungwa, pera, ndizi mbivu, tikiti, parachichi, na matunda ya porini kama ubuyu na ukwaju.

Havihesabiki: viazi, mihogo, michembe, ndizi za kupika, dagaa, nyama na maharage. Vina kazi nyingine. Soda yenye picha ya chungwa nayo haimo. Juisi ya boksi pia usiitegemee, maana WHO inaiweka sukari ya juisi kwenye kundi la sukari zinazotakiwa kupunguzwa. Wachimbaji wanaoshinda juani na soda au kinywaji cha kuongeza nguvu, hili linawahusu moja kwa moja. Tikiti lina maji mengi pia, na lina vitu ambavyo soda haina.

Kuhusu kipimo, sehemu moja ni kama gramu 80. Hiyo ni ndizi mbivu moja ya kawaida, chungwa moja, au vijiko vinne vikubwa vilivyojaa vya mchicha uliopikwa. Ukila vijiko hivyo mchana na jioni, ukaongeza matunda mawili na kachumbari kidogo, siku yako imekamilika.

Kiangazi kikifika

Najua utasema: mwezi wa nane Shinyanga utapata wapi majani? Ni kweli. Mvua zetu zinaanza karibu na Novemba na kuisha kati ya Aprili na Mei. Geita inapata mvua nyingi kidogo, lakini kwenye machimbo karibu kila kitu kinanunuliwa, na fungu la mchicha linapanda bei jua likizidi.

Wazee wetu walikuwa na majibu mawili. La kwanza ni kukausha. Majani ya kunde, mlenda na mengine huanikwa wakati wa mvua na kuliwa kiangazi. Ukiweza, anika kivulini penye hewa, kwa sababu jua kali linachoma vitamini A. Vitamini C yenyewe hupungua sana kwenye kukausha, hivyo mboga kavu inahitaji msaada wa ubuyu au ndimu.

La pili ni ngitili, yale maeneo ambayo Wasukuma huyatenga yapumzike ili majani ya mifugo yaote. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo baada ya mkoa kuitwa jangwa. Watu walipata malisho na kuni, na zaidi ya hapo matunda na mboga za porini zikarudi karibu na nyumbani. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Kama huna shamba, ndoo kuukuu au kiroba chenye udongo na mbolea kinatosha kuotesha mchicha wa nyumbani, na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanaweza kumwagilia. Ila kama unakaa karibu na sehemu za kuchenjulia dhahabu, usimwagilie bustani kwa maji ya mabwawa hayo wala usioteshe pembeni yake. Zebaki ni sumu kwa ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye inayemdhuru zaidi.

Swali la kuuliza leo

Kama wewe ni mhudumu wa afya, usiishie kwenye neno "mboga". Taja majani kwa majina: mchicha, matembele, kisamvu. Uliza mama amekula nini jana, kitu kwa kitu, na utasikia dagaa wakijitokeza.

Na kama wewe ndiye mpishi wa nyumbani, mtu akiuliza leo mboga nini, mjibu dagaa bila wasiwasi, Kiswahili kinaruhusu. Halafu angalia kama kuna kitu cha kijani pembeni ya hao dagaa, na kama kuna hata nusu chungwa la kumalizia.